Mtani wa Bi Gama

Siku hizi hospitali inapotibu msiba, humpa mfiwa mtani, mtu wa kabila lenye ruhusa ya kumkejeli hata msibani. Bi Consolata Gama, Mngoni wa Songea, alikuwa hasemi wala hali vizuri tangu mumewe Otmari afariki, na vidonge havikumsaidia. Daktari akamwagizia Mhehe kutoka Iringa, maana Wahehe ni watani wa Wangoni.

Mtani huyo, Mzee Kikoti, aliingia bila hodi, akavaa koti la marehemu, akajitupa kitandani na kuanza kukoroma.

"Si ndivyo alivyokuwa?" alisema. "Mwanamume wa Kingoni ni mlinzi hodari wa godoro."

Mzee akaenda jikoni, akafunua sufuria.

"Ugali gani huu? Kumbe Otmari hakufa kwa ugonjwa."

"Wahehe mnajua nini kuhusu ugali?" Bi Gama alisema kwa sauti iliyokauka. "Tuliwatimua vitani mpaka mkasahau sufuria njiani."

Kisha akacheka, akalia, akacheka tena, na wakala ule ugali pamoja mpaka ukaisha.

Bangili ya hospitali mkononi mwa Bi Gama ikawaka kijani, ishara kwamba amepona. Mzee akavua koti, akalikunja taratibu. Mlangoni kikohozi kikamshika kwa muda mrefu.

"Wanaoijua kazi hii mmebaki wachache," Bi Gama alisema. "Ukifa wewe, nani atakwenda kuwatania wanao?"

"Wewe. Anza kutunga kejeli mapema, maana Wangoni mnafikiri polepole."

Bi Gama alimtazama akishuka ngazi, ameshika ukuta, na hapo hapo kejeli ya kwanza ikamjia, tamu kwelikweli. Akaomba asiitumie kamwe.