Poncho Tatu Juani

"Mvue huyo mtoto kabla hajaiva," alisema Doña Hermelinda.

Msichana aliyekuwa akiingia lango la soko la Riobamba akasimama. Mgongoni alibeba furushi lililofungwa kwa shali nyeusi kifuani kama kina mama wote wa milimani wanavyobeba watoto wao, na juu ya shali likaviringishwa poncho juu ya poncho, mavazi mazito ya sufu tupu. Na jua la saa sita lilikuwa likiwakaanga watu bila upendeleo.

Doña Hermelinda hakuwa na raha tangu asubuhi. Yeye huuza juisi, na juisi yake haipozwi ila kwa barafu inayochongwa kule juu ya mlima Chimborazo, ile ambayo ukimeza kwa pupa baridi inakupiga kisogoni. Kila Jumamosi mzee Lisandro huileta kwa punda. Leo punda haonekani, wateja wamenuna, na jirani yake Targelia, mwenye barafu ya friji, anaimba makusudi. Ndiyo maana alikuwa pale langoni akichungulia barabara. Punda hakuja. Akaja huyu.

"Baba mkwe kasema nisifunue hadi—"

"Baba mkwe wako amewahi kunyonyesha?"

Basi, binti hakupata tena nafasi. Kila alipofungua mdomo, Doña alimmiminia somo. Joto, alieleza, halina kutulia. Ni la kutembea. Acha kijiko cha chuma kwenye supu, litapanda na mpini mpaka likuume vidole. Chemsha viazi, maji ya chini yakipata moto yanapanda, ya juu yanashuka, yanafukuzana hivyo hivyo mpaka sufuria yote inatokota. Na jua je? Liko huko mbali, halijakugusa, lakini hebu vaa sketi nyeusi uone litakavyokuchoma makalio.

Watu walishakusanyika. Somo la bure, nani akatae?

"Sasa huyu kapigwa jua, na bado mmemwongezea joto la poncho tatu."

Faustino mng'arisha viatu akauliza kutoka kivulini, "Doña, mimi blanketi langu nimeliacha kitandani tangu alfajiri. Nikirudi nitalikuta linachemka?"

Kicheko kikapasuka. Doña akamwambia ashughulike na viatu, akapitisha mkono chini ya furushi. Mkono ukatoka umelowa.

"Mnaona? Jasho hilo. Na halii hata kidogo."

Hapo sauti yake ilibadilika, utani ukamtoka. Mtoto aliyelegea kwa joto alishawahi kumwona, na hakutaka kumwona mwingine. Akamgeuza binti kwa bega, akazivua zile poncho moja baada ya nyingine kama anayemenya kitunguu. Ikabaki shali nyeusi, na pembeni mwake nyasi kavu zikichungulia. Doña akatikisa kichwa: watu wa milimani, hata nepi hawana. Akazing'oa nyasi alizoweza kuzifikia, zisimwashe mtoto.

Kabla hajafika ndani ya shali, mtu akamwita: wateja walikuwa wakihamia kwa Targelia. Akazikumbatia poncho zote.

"Kaa naye penye upepo. Hizi njoo uzichukue meza yenye mwavuli mwekundu, akishapoa."

Binti akaikaza shali kifuani, akaingia sokoni.

Alasiri ilimkuta Doña Hermelinda mbele ya mitungi ya juisi vuguvugu. Wateja wake wote walikuwa upande wa pili, wakimpigia Targelia makofi. Kitu kimoja tu kilimfariji: leo aliokoa roho ya mtu.

Ndipo akamwona yule binti anakuja. Alikuwa amezunguka soko zima akiuliza, na kila aliyemuuliza alimwelekeza kwenye mwavuli uleule. Nyuma yake Faustino alikuwa ameng'ata kofia asicheke. Mgongoni shali ilining'inia, imesinyaa, na maji yalimchuruzika hadi visiginoni.

Doña akaruka kutoka kitini. "Mtoto yuko wapi?"

Binti akaishusha shali mezani, akaifungua. Ndani palikuwa na nyasi zilizolowa, na katikati kitu kinachong'aa, kidogo kama yai.

"Nimeambiwa Doña Hermelinda ndiye wewe," alisema. "Mzee Lisandro anakusalimu. Punda anachechemea, kwa hiyo barafu yako nimeileta mimi."