Doti ya Kanga

Askari wa dawati la watoto kituoni alivuta fomu. "Mtoto ana miaka mingapi, bibi?"

"Tisa," alijibu Bi Mashavu.

"Yuko wapi?"

"Ni mimi, mwanangu."

Akafungua doti ya kanga ambayo wazee walimpa mama yake, mwaka ule jirani alipomnajisi yeye, binti, ili mambo yaishie nyumbani. Haikuwahi kuvaliwa hata siku moja.

Askari aliweka kalamu chini. "Sheria hii ya kuwalinda watoto ni ya mwaka jana, bibi. Hairudi nyuma kwa makosa ya zamani."

Bi Mashavu aliikunja kanga kwa mikunjo yake ileile, akatoka.

Barazani, mama mmoja alikuwa akisubiri zamu yake, bintiye amemlalia mapajani. Mzee mmoja alimnong'oneza mama huyo, kisha akaweka benchini doti mpya ya kanga, bado ina lebo ya dukani.

Mama akaanza kumvalisha mtoto viatu.