Sabuni Kwenye Mkanda

Mghoi alipopitisha kidole gumba upande wa ndani wa mkanda wa trekta, kidole kikateleza kama kwenye utumbo wa kuku. Akapitisha tena, kisha akakinusa.

Sabuni ya mche.

Lilikuwa trekta dogo la bustani, ambalo marehemu baba yao alilimia kabichi hapa Werugha miaka mingi. Siku hizi injini ilinguruma vizuri, ila magurudumu hayakusogea. Kaka yake alikuwa amekubali kuliuza kama vyuma kuukuu, na mnunuzi kutoka Voi alishaegesha pikapu kando ya shamba na kushusha kamba.

"Dada, wacha kujichafua bure," kaka yake alisema. "Giaboksi imekufa."

"Giaboksi ni nzima. Mkanda ndio umelegea, na juu yake umeupaka sabuni. Utavuta vipi?"

"Si mkanda ulikuwa unapiga kelele! Nikipaka, unanyamaza."

Mghoi aliuosha mkanda kwa maji matupu, akaukausha kwa leso yake mpaka ukakwaruza ngozi, akaurudisha kwenye puli na kuukaza. Akapanda, akawasha, akaachia klachi.

Trekta likaruka mbele, nusura likanyage kiatu cha kaka yake.

Akazima.

"Hii ya kupaka sabuni," akauliza, "nani alikufundisha?"

Kaka yake polepole akageukia pikapu.

Mnunuzi alikuwa ameanza kukunja kamba yake.