Wafadhili Kumi na Watatu

Mti wa kumi na moja kutoka Brazili ulikutwa umegeuka mpini wa jembe. Bwana Whitcombe, mwanzilishi wa bustani ya mimea ya umma hapo Mbeya, aliutambua kwa wekundu wake, mikononi mwa mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage bila wasiwasi wowote.

"Anyitike," alimwambia nyapara wake, "mti mmoja ukipotea tena, wewe na mkeo mtafute nyumba nyingine."

"Ndiyo, Bwana."

Nyumba ya bustani ilikuwa na bati, na Marta alikuwa na mimba ya miezi saba. Anyitike alikwisha jaribu kila njia. Alizungushia miiba, watu wakaibeba kwenda kuzungushia mazizi yao. Alilinda kwa fimbo, lakini bustani ilikuwa na pande nne na yeye alikuwa mmoja. Mbuzi wa Kalinga, Mhehe aliyehamia kutoka Iringa, waliwahi kazini kuliko yeye.

Bwana alisikitika sana. Bustani ilikuwa ya umma. Hilo alilirudia kila siku. Umma haukuwa umeulizwa kama unaitaka, wala wenye mashamba yale hawakuulizwa, lakini umma ulikwisha pewa, na sasa ulikuwa unakata zawadi yake mwenyewe kwa shoka. Angewaambia nini wafadhili?

Wafadhili walikuwa kumi na watatu. Walikaa Dar es Salaam, Nairobi na Uingereza, na walituma mbegu na miche kwa posta. Waliipenda Mbeya kwa dhati, labda kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona.

Bwana alikuwa ameagiza vibao vya kuandika majina ya miti kwa Kilatini. Anyitike alikohoa kidogo.

"Bwana, Kilatini hakimtishi mtu huku. Tuandike majina ya hao waliotoa. Na mwaka."

Bwana Whitcombe alimtazama nyapara wake kwa mara ya kwanza kama mtu. Almanusura alie.

Basi vikapakwa rangi vibao kumi na vitatu, vyeupe, majina kwa wino mweusi, na chini yake 1954. Kila mti ulitengenezewa tuta lake refu, likapangwa mawe pembeni. Anyitike alisema mizizi ya kigeni hupenda kujinyoosha, na Bwana, aliyekuwa amesoma vitabu vingi kuhusu mizizi, alikubali mara moja.

Asubuhi ya kwanza Kalinga alisimama mbele ya kibao cha Bwana Ashdown, mbuzi wake nyuma yake.

"Nani hawa?"

"Wazungu," alisema Anyitike. "Walitoa kila walichokuwa nacho kwa ajili ya bustani hii."

"Wote hawa?"

"Wote. Mimi mwenyewe sikuwahi kuwaona."

Kalinga alivua kofia. Kisha akawageuza mbuzi, akapita njia ya mbali.

Tangu siku hiyo hakuna jani lililong'olewa. Wanawake waliotoka kuokota kuni walikuwa wakipiga kelele hadi getini, halafu kimya. Lusia, mwuza ndizi, alipita kila siku ya soko, akainama kwenye kibao kimoja baada ya kingine akisema, "Ndaga. Ndaga fijo." Bwana alijua maneno machache ya Kinyakyusa, na hilo lilikuwa mojawapo: asante sana. Aliandika barua kumi na tatu kueleza jinsi wenyeji walivyoelimika kwa muda mfupi chini ya uongozi wake. Anyitike akaongezwa blanketi. Marta akajifungua salama, chini ya bati lake.

Barua moja ikazaa matunda.

"Bwana Ashdown anakuja!" Bwana Whitcombe alitangaza.

Kopo la kumwagilia lilimtoka Anyitike mkononi. "Anakuja? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Watangazie watu wote. Jumamosi ni siku ya Bwana Ashdown."

"Bwana, mvua hizi... barabara ni mbaya kwa mtu kama yeye."

"Watangazie!"

Anyitike akatangaza kama alivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza neno.

Jumamosi walikuja wengi kuliko hata siku ya gwaride. Wanawake walijitanda kanga, wakabeba unga na ndizi. Kalinga, ambaye hakuwahi kumpa mtu hata kwato, alileta beberu mzima. Walikaa chini kuzunguka tuta la Bwana Ashdown, wakiimba taratibu. Bwana Whitcombe alifuta macho kwa leso. Kando yake Anyitike alikuwa akitoka jasho, na kulikuwa na baridi.

Gari lilisimama getini. Akashuka mzee mrefu, mwembamba, amevaa suti nyeupe, uso umempauka kwa homa ya safarini. Watu walimpisha kwa heshima, kama anavyopishwa ndugu aliyetoka mbali. Alitembea polepole mpaka kwenye kibao, akasimama juu ya tuta, akatabasamu.

Bwana Whitcombe alipaza sauti kwa Kiswahili chake chote.

"Ndugu zangu! Ninyi kila siku mnakuja hapa kwa Bwana Ashdown. Leo amesikia. Leo ametoka. Huyu hapa, Bwana Ashdown mwenyewe!"

Nyimbo zilikatika. Mzee akamnyooshea Lusia mkono ili amsalimu.

Unga ulimwagika. Beberu alikata kamba, lakini Kalinga alimpita kabla hawajafika kwenye ua. Punde si punde bustani ya umma haikuwa na umma, isipokuwa nyapara mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Anyitike, kimbia, baba!" Lusia alipiga yowe kutoka ng'ambo ya mto. "Huyu mmoja ameshafufuka, hao kumi na wawili unawangojea waanze kuchimba?"