Sekunde Kumi za Mama

Mjini kwao, marehemu asiye na picha inayojongea, walau ya sekunde kumi, hufukuliwa baada ya miaka ishirini, na kaburi lake hupewa mwingine. Nsia alibakiza siku tano tu kuliokoa kaburi la mama yake. Ndiyo maana, na miaka yake hamsini na minane, alijiunga na darasa la jioni la kutengeneza picha kwa kompyuta.

Alikuwa na picha mbili za mama zilizobandikwa kwenye kadi moja, moja kama mtazamaji aonavyo kwa jicho la kushoto na nyingine kwa jicho la kulia. Programu ya darasani ingeigeuza ya kwanza kuwa ya pili taratibu, mradi aioneshe kwa alama kipi kinalingana na kipi. Alimwomba Mungu, akaweka alama: pembe ya jicho, kidevu, kifungo cha gauni. Mara tatu uso ulipinda vibaya. Mara tatu alifuta, akaomba, akaanza upya.

Mara ya nne, mama aligeuza kichwa. Lakini katikati, pale ambapo hapakuwa na picha yoyote, programu ilijijazia yenyewe: mama alitabasamu.

"Siyo yeye," Nsia alimwambia dada yake, Aikande. "Mama hakutabasamu hata siku ya harusi yangu."

"Wewe mtoto, unataka afukuliwe kisa meno? Tuma!"

Nsia aliituma ofisi ya makaburi. Kaburi likabaki.

Jumapili baada ya ibada, Aikande aliwaonesha wajukuu zake picha ile. "Hivi ndivyo alivyokuwa mama yangu. Mcheshi kweli!"

Nsia alitaka kuwaambia ukweli. Akautafuta moyoni ule uso mkali uliomlea, ili aanzie hapo. Ukamjia ukitabasamu.