Oke za Mzee

Fundi wa makochi alisimama mbele ya mlango uliorudishiwa tu, mikono mitupu. Hiyo mikono mitupu ndiyo iliyomtia hofu. Kila alipokuja nyumba hii kuposa, aliondoka na kiti kichwani.

Ndivyo alivyo. Akimtazama Mzee usoni tu, ulimi unageuka kibao. Anakuja na maneno yake ya ndoa yamepangwa vizuri, Mzee anamwangalia juu ya miwani, naye anajisikia akisema, "Mzee, hili kochi sponji yake imelala." Kochi kubwa lilibebwa hivyohivyo. Vikafuata viti vyake viwili, halafu na kigoda. Sasa sebule nzima ilikuwa inang'aa kama ofisi ya waziri, na binti wa watu bado hajaposwa.

Binti mwenyewe, nesi, alishachoka kusubiri. Jumatatu anahamia hospitali ya mbali.

"Leo useme," alimwambia kwenye simu asubuhi. "Ukirudi na kiti kingine, kioe hichohicho."

"Na akinikataa?"

"Baba hakatai wala hakubali kama watu. We sikiliza oke yake."

Hapo ndipo penye kazi. Mzee alikuwa opereta wa simu maisha yake yote, enzi zile za kuchomeka nyaya, na Kiingereza alichostaafu nacho ni neno hilo moja. Lakini alilitumia kama fundi anavyotumia nyundo: kupigilia, kung'olea, na kutishia watoto. Oke kavu, ya kukata: sitaki. Oke ya kuvuta mwishoni: endelea, nakusikia. Oke mbili za kufuatana: nimefurahi, chukua.

"Halafu usiogope," nesi alimalizia. "Siku hizi baba kachangamka. Kapata wa kuongea naye."

Fundi kichwa kikamvimba. Kumbe Mzee anayapenda maongezi yake ya sponji!

"Hodi!"

"Okeee," ikatoka nyuma ya pazia la chumba cha ndani.

Endelea, nakusikia. Fundi akaingia, akakaa ukingoni mwa kochi alilolitengeneza mwenyewe. Pazia halikufunguka. Nyuma yake kitu kikavu kilikuwa kinatafunwa polepole, kwa raha zote. Fundi akamshukuru Mungu. Pazia halina miwani.

"Shikamoo, Mzee. Usisumbuke kutoka, kula tu. Mimi nimekuja na neno."

"Okeee."

"Mzee, nampenda binti yako. Nataka kumuoa."

Sauti yake mwenyewe ilikwaruza kama msumari kwenye bati. Kutafuna tu. Au hajasikia? Umri nao! Fundi akasogea mpaka pua ikagusa pazia, akarudia kwa nguvu, "Mzee, nampenda binti yako! Nataka kumuoa!"

"Oke."

Kavu. Ya kukata. Fundi alihisi mkono wake wa kulia unaondoka wenyewe, unaenda kupapasa mguu wa meza kutafuta palipolegea. Akaukamata kwa mkono wa kushoto.

"Najua sina nyumba, Mzee. Nina chumba kimoja na karakana. Lakini akitoka zamu miguu imevimba, mimi ndiye..." Akajishtukia. "Yaani, kuna kigoda nimemtengenezea. Cha kuwekea miguu. Chake peke yake."

"Okeee."

Hapo akapata nguvu. "Na hivi viti vyako, Mzee, vilikuwa vizima. Hata kimoja hakikuwa na kasoro. Nilikuwa nakuogopa tu."

Nyuma ya pazia kikatoka kicheko, kile cha kukohoakohoa, cha Mzee kabisa, na mwishoni kikamalizika kwa mluzi. Fundi naye akacheka mpaka machozi. Mtu mwenyewe ana utani hivi, na yeye miaka yote anamkimbia!

"Basi nasema mara ya mwisho, leo siondoki na kiti," alisema, akapiga magoti, mdomo palepale kwenye pazia. "Mzee, nampenda binti yako! Nataka kumuoa! Unasemaje?"

Kutafuna kukakoma.

"Oke-oke!"

"Ahsante, Baba! Ahsante sana! Hutajuta, Baba!"

Mlango wa mbele ukasukumwa. Mzee akaingia kutoka mtaani, jasho shingoni, mkononi kashika mfuko wa mbegu za alizeti.

"Ah, fundi! Mbona uko chini?" Akamwangalia juu ya miwani. "Leo umefuata kiti gani?"

Ulimi wa fundi ukageuka kibao.

"Mzee... hii meza... naona huu mguu wake..."

Nyuma ya pazia mabawa yakapigwa, kisha ikasikika sauti ya fundi mwenyewe, na mkwaruzo wake wote: "Mzee, nampenda binti yako! Nataka kumuoa!"

Mzee akaweka mbegu mezani. Akavuta kimoja cha vile viti vizima, akakaa, akavua miwani.

"Okeee," alisema.