Joho la Kiondo

Katika mahakama ya mji ule, wakili asiyevaa joho jaji hamwoni, hata akisimama mbele ya pua yake. Bi Tausi, mjane, alilijua hilo. Ndiyo maana siku moja kabla ya kesi ya nyumba ya marehemu mumewe alimshonea wakili wake, Kiondo, kwapa la joho lililokuwa limefumuka.

Wakili wa shemeji aliyemshtaki Bi Tausi, mkuu wa kampuni ya mawakili kubwa kuliko zote mjini, alifika bila joho. Kiondo akavua lake, akalikung'uta, akamvisha yule mkubwa taratibu kama anayemvisha bwana harusi.

"Na mimi je, mwanangu?" Bi Tausi alinong'ona.

"Mama, hawa ndio wanaoajiri. Tulia."

Jaji akaingia. "Nani anamsimamia mjane?"

Kiondo akasimama.

"Sikuoni, wakili. Kaa."

Akakaa, huku akitabasamu. Yule mkubwa akainua mkono, akaomba nyumba ya marehemu apewe shemeji. Bi Tausi akaukodolea macho mshono wake pale kwapani. Haukuachia hata uzi mmoja. Mate yakamjaa kinywani, na mle ndani hapakuwa na pa kutemea.